Mtaa ukiendelezwa upya, muulize kwanza "hapa katikati tunaishi wapi?"

Kwa ambao hawakuliona swali, nalifupisha. Dada mmoja, mjumbe wa kamati ya mtaa huku Mwanjelwa, Mbeya, anasema wametangaziwa kwenye mkutano kwamba mtaa wao wa zamani utaendelezwa upya, barabara zipanuliwe, mitaro ijengwe, labda na ghorofa zije. Nyumba yao ni ya marehemu baba yao, vyumba nane, sita wamepangisha, mbele wapo mama wa mboga wawili na fundi cherehani. Na kuna jamaa anapita anazinunua nyumba za barabarani. Anauliza: "Kaka wewe umesomea haya mambo ya kuendeleza miji kwa namna jumuishi na endelevu, hebu tuambie umejifunza nini cha maana, na sisi tufanye nini kabla hawajaja na mashine zao za kupimia?"

Dada salamu nyingi, na pole na baridi. Nianze na kilichobaki kichwani baada ya kusoma miradi mingi ya hivi, ya kwetu na ya nje. Mchoro wa mwisho, ule wenye miti na watoto wanaendesha baiskeli, mara nyingi hauna shida, sijawahi kuona mchoro mbaya kwenye projekta. Kinachoamua nani atabaki mtaani ni kipindi cha katikati, yaani tangu siku watu wanaambiwa wapishe mpaka siku barabara au jengo linakabidhiwa. Mwenye akiba anasubiri. Asiye na akiba hawezi kusubiri, anahama, watoto wanabadili shule, wateja wanamsahau, na akishakaa huko miaka miwili mitatu harudi hata kama jina lake lipo kwenye orodha. Kwahiyo mradi unaweza ukaitwa jumuishi kwenye makaratasi yote na bado ukawamaliza watu bila mtu yeyote kuwafukuza kwa fimbo.

Mfano upo hapohapo ulipo. Soko la Mwanjelwa liliungua mwishoni mwa 2006. Wafanyabiashara wakasambaa, wengine eneo la SIDO, wengine pembeni ya barabara, na soko jipya likachukua miaka kibao tena kwa mkopo wa benki. Lilipokuja kuisha lilikuwa jengo la maana kabisa, ila wateja walishazoea njia nyingine, na kodi ya fremu ikawa ndo wimbo wa kila siku maana deni la benki lilikuwa linasubiri hela ya vyumba vile. Mkopo unataka urudi, sawa, naelewa, ila mama wa nyanya hesabu yake ni ya siku, ya mkopo ni ya miaka, hizo hesabu mbili zisipokutanishwa kabla ya kujenga haziji kukutana baada ya kujenga. Matokeo uliyaona, vyumba vitupu ndani muda mrefu, nje watu wamejaa wanauza chini. Na SIDO ambako watu walienda kujishikiza tu, pakawa soko kamili la vibanda vimebanana, 2017 nako pakaungua. Yaani waliounguliwa 2006 wapo waliounguliwa tena 2017 wakiwa bado kwenye "muda". Dar nao walijenga lile jengo la machinga pale Ilala, likafunguliwa 2010, na lenyewe likakaa miaka mingi bila kujaa, sababu ni zilezile nisizirudie.

Sasa nikupe upande wa pili maana sitaki uone kila mradi ni balaa. Magomeni Kota, Dar. Wale hawakuwa wenye nyumba, walikuwa wapangaji wa manispaa, kaya 644, nyumba zao zikavunjwa 2011 na 2012. Kawaida mpangaji akivunjiwa ndo basi tena. Hawa walikuwa na orodha, kila kaya inajulikana, wana kamati yao, wanafuatilia ofisi hadi ofisi, viongozi wanabadilika orodha ipo palepale, na 2022 maghorofa yakakabidhiwa na kaya zile zikapewa nafasi. Mimi huu mfano naupenda kwasababu moja tu, unaonyesha mpangaji anaweza kurudi kama ameandikwa. Ila piga hesabu, ni miaka kumi ya kupanga kwingine, kuna watu walifariki kwenye hiyo miaka kumi, wapo walioondoka Dar moja kwa moja. Orodha iliwaokoa, kipindi cha katikati bado kikawala.

Wakenya walijaribu kuziba hilo pengo pale Kibera, kijiji kinachoitwa Soweto Mashariki (si Soweto yetu ya hapa). Wao walijenga kwanza makazi ya kuhamia kwa muda Lang'ata, nyumba 600, watu wakahamia 2009, ndipo wakaanza kujenga kule walikotoka. Wazo zuri sana. Nyumba mpya zikaja kukabidhiwa 2016. Hapo katikati baadhi ya waliopewa vyumba Lang'ata wakavipangisha kwa watu wenye kipato cha afadhali, wenyewe wakarudi kwenye mabati kwasababu ile tofauti ya kodi ndo ilikuwa ada ya watoto. Wataalamu wengi waliwalaumu, mimi siwalaumu, mtu mwenye shida ya hela ukimpa nyumba nzuri umempa kitu cha kuuza.

Kwahiyo ukija kwenye swali lako la "tufanye nini", mimi ningeanza na daftari kabla ya kikao chochote na mtaalamu yeyote. Nyie kamati wenyewe muhesabu mtaa. Na msihesabu nyumba tu, nyumba wao watazihesabu kwa droni asubuhi moja. Hesabuni watu waliomo: chumba hiki anakaa nani, amekaa miaka mingapi, analipa kodi kiasi gani, ana watoto wangapi wanasoma shule gani, anafanya kazi gani na anaenda kazini kwa mguu au kwa bajaji. Mama wa mboga anakaa hapo mbele ya nyumba tangu lini, anauza siku ngapi kwa wiki, mzigo anautoa wapi. Fundi cherehani ana mashine ngapi, analipa kwa nani. Kila ukurasa asaini mwenyewe, mpige picha, mtendaji wa mtaa agonge muhuri na tarehe, kopi moja ibaki kwa mwenyekiti na nyingine mjigawie watu wawili watatu wanaoaminika. Fanyeni mapema maana miradi ikianza huwa kuna tarehe ya mwisho ya kutambua watu, anayeingia baada ya hiyo tarehe hahesabiki, na tarehe hiyo ikisikika tu utashangaa vibanda vinaota usiku, na hapo ndipo mama wa mboga wa miaka kumi anaonekana sawa na tapeli wa jana.

Kwanini nasisitiza wapangaji na wewe ni mwenye nyumba? Sheria zetu za fidia zinamjua zaidi mwenye ardhi na mwenye jengo. Kanuni za 2001 za uthamini kwa ajili ya fidia zinasema mwenye mali alipwe thamani ya ardhi na maendelezo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ambayo ni kodi ya soko mara miezi 36, na kama una biashara, faida unayoipoteza nayo mara miezi 36. Hiyo ya makazi miezi 36 ndo hela ya kipindi cha katikati, watu wengi wanaiona kama zawadi wananunulia bodaboda, kumbe ndo ya kukaa nje ukisubiri. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita inatakiwa riba. Sasa mpangaji wako wa chumba namba nne yupo wapi kwenye huo mstari? Mara nyingi hayupo. Mama wa mboga hana hesabu zilizokaguliwa, kwahiyo hata "faida inayopotea" anaishia kuisikia tu. Kurasini Dar bandari ilivyopanuliwa wenye nyumba walilipwa, wapangaji wengi wakaondoka mikono mitupu, na kundi mojawapo la hao wapangaji kupitia vikundi vyao vya akiba ndo walienda kununua shamba Chamazi wakajenga wenyewe polepole. Ni habari njema lakini Chamazi ni mbali na Kurasini, vibarua vya bandarini havikuhama nao.

Alafu kuna kitu ambacho kamati nyingi haziulizi: hela ya mradi inatoka wapi. Ulizeni, tena kwa maandishi. Kama ni mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia, kama ulivyo ule wa TACTIC, wa kuboresha miundombinu ya miji, ambao Mbeya imo, basi juu ya sheria zetu kuna masharti ya benki yenyewe, na mfumo wao wa mazingira na jamii unaotumika tangu Oktoba 2018 unatambua hata mtu asiye na haki ya kisheria kwenye ardhi, kwamba asaidiwe kurudisha kipato chake. Hapo mpangaji na mama wa mboga wanaingia. Kunatakiwa pia kuwe na mpango wa kuhamisha watu ulioandikwa na njia ya kupeleka malalamiko. Ombeni huo mpango, kwa Kiswahili, mbandike ukutani ofisi ya mtaa. Kama hela ni ya mwekezaji binafsi au ya halmashauri yenyewe hayo masharti hayapo, mnabaki na sheria za nchi na mdomo wenu, kwahiyo daftari linakuwa na kazi kubwa zaidi.

Kuhusu mikutano nitasema kidogo tu. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya Jumatano unawapata wastaafu na wenye nyumba. Mpangaji yupo sokoni, yupo kwenye saiti Uyole, yupo Tunduma na mzigo. Ombeni Jumapili mchana, na vikao vidogo vidogo tofauti: wapangaji peke yao, maana mbele ya mama mwenye nyumba hawasemi, wauzaji peke yao, wenye ulemavu nao wasiwekwe mwishoni kwenye "mengineyo", watembee na mpima njia nzima awaone wanapokwama.

Hapa katikati wacha niwarudishe nyuma kidogo maana watu wanadhani haya mambo yameanza juzi. Miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa na mradi mkubwa wa viwanja vyenye huduma na uboreshaji wa makazi holela, nao kwa mkopo wa Benki ya Dunia, awamu ya kwanza ilikuwa Dar, Mwanza na Mbeya, awamu ya pili ikaingia Iringa pamoja na Tanga, Tabora na Morogoro. Ulikuwa na njia mbili. Kuna maeneo walipima viwanja vipya kabisa na barabara zake, Sinza na Kijitonyama ndo matunda yake, na kuna maeneo watu walishajenga tayari wakapelekewa barabara, maji na taa palepale, kama Manzese. Kuna utafiti mkubwa uliotoka 2021 ulioenda kuangalia hayo maeneo miongo kadhaa baadaye. Pale palipopimwa kabla, leo nyumba ni kubwa, ni nzuri, zimeunganishwa huduma. Pale palipoboreshwa baadaye hapana tofauti ya maana na makazi ambayo hayakuguswa kabisa. Wengi wakisoma hapo wanakimbilia kusema "basi uboreshaji haufai, tuvunje tu". Mimi siendi huko. Barabara na mabomba yale yaliyopelekwa Manzese mengi yalichakaa bila mtu wa kuyatengeneza, na hivyo viwanja vizuri vya Sinza leo havikaliwi na wale wa kipato cha chini waliokusudiwa, wanaokaa ni watu waliosoma zaidi na wenye uwezo zaidi. Kwahiyo ukiangalia nyumba utasema njia ya kwanza imeshinda, ukiangalia watu jibu linabadilika. Ninachochukua kwa ajili yenu ni viwili: huduma isiyo na bajeti ya matengenezo msiihesabu kama huduma, ulizeni nani anazibua mtaro mwaka wa tano na hela inatoka fungu gani. Na pili, huko pembeni mji unakoelekea viwanja vipimwe sasaivi. Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279 kwenye sensa ya 2012, ya 2022 ikakuta 541,603, hao laki moja na nusu na zaidi kama hawana chumba cha bei ya chini Mwanjelwa watajenga mlimani na kwenye mabonde, na miaka kumi ijayo kamati nyingine itakuwa inaandika swali kama lako.

Mlimani ndo napoingilia hilo neno endelevu, ambalo kwenye semina linaishia kwenye taa za sola na miche ya miti ya kupigia picha. Kwa Mbeya endelevu inaanza na maji ya mvua. Mvua zetu ni za Novemba mpaka Aprili, maji yanateremka kutoka Loleza na Kawetere na kila kiwanja kikisakafiwa uwanja wote yanateremka kwa kasi zaidi. Mtaro unajengwa kuanzia kule yanakoishia kupandisha juu, ukianzia juu umewapelekea jirani wa chini mafuriko kwa hela ya serikali. Mkioneshwa mchoro wa mitaro msiangalie mtaani kwenu tu, fuateni mstari kwa kidole mpaka mtoni, ukikatika njiani simameni hapohapo muulize. Na uwanja wa nyumba wekeni vitofali vinavyopitisha maji, au acheni udongo na migomba michache, haigharimu.

Jambo jingine la endelevu ambalo wataalamu wenzangu wanalipita haraka ni kwamba nyumba iliyosimama ina thamani. Nyumba nyingi za mtaani kwenu ni tofali za kuchoma, kuni za watu zilishateketea hapo, hata kama siku hizi wapo wanaochomea pumba za mpunga kutoka Mbarali. Ukibomoa ujenge upya unachoma mara ya pili. Kama ukuta uko sawa, msingi haujatitia, kukarabati, kuongeza vyoo na kupitisha nyaya vizuri ni bei ndogo na wapangaji wanaweza kupishana chumba kwa chumba bila kuhama mtaa, yaani kipindi cha katikati kinakuwa wiki badala ya miaka. Iringa wameonyesha jengo la Boma la Wajerumani linaweza kugeuka makumbusho, lilifunguliwa 2016, na halikuhitaji greda. Najua nyumba ya vyumba nane Mwanjelwa sio Boma, ila akili ni ileile: kwanza uliza kinachoweza kubaki.

Sasa huyo jamaa anayenunua nyumba za barabarani. Simlaumu, biashara ni biashara, ila jua anachonunua. Anajua barabara ikipanuliwa bei ya mbele itapanda, na anajua nyie kila mmoja peke yake ana haraka. Bangkok kuna mitaa ilikutana na watu kama hao tangu miaka ya 1970 na 1980, na njia waliyoipata inaitwa kugawana ardhi: mtaa mzima unakaa upande mmoja, kipande cha mbele chenye bei kinaachwa kwa mwenye ardhi au mwekezaji ajenge biashara yake, nyuma watu wanajengewa au wanajenga kwa kubanana zaidi lakini kwa haki ya kukaa inayoeleweka. Baadaye Thailand ikaanzisha 2003 programu ya Baan Mankong inayokopesha vikundi vya akiba, sio mtu mmoja mmoja, ili mmoja akiyumba kikundi kimshike. Kwetu ardhi ina utaratibu wake tofauti, huwezi kubeba kila kitu, lakini Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inazo njia za mpango wa uendelezaji upya na za urasimishaji, yaani kuyatambua rasmi makazi yaliyojengwa bila mpango, na hamna kinachozuia wenye nyumba ishirini kwenda kwa afisa mipango miji wa jiji na pendekezo lao moja kabla ya mchoro wa mtu mwingine: mbele fremu na ghorofa mbili tatu, chini nafasi za mama mboga kwa kodi ya siku iliyoandikwa, nyuma vyumba, ijengwe kwa vipande ili kila mara theluthi mbili ya watu wawe bado ndani. Anayetaka kununua aje azungumze na ishirini. Akikataa, mmejua mapema.

Ila hamtafika hata huko kama hamjamaliza ishu moja ya nyumbani, na hii dada ndo ningeifanya wiki hii. Umesema nyumba ni ya marehemu baba. Kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Kama hayupo, mthamini atakuja ataandika jina la marehemu au "familia ya fulani", hundi itatoka kwa jina ambalo hakuna anayeweza kwenda nalo benki, na huyo mnunuzi atamvuta kaka yenu mmoja pembeni asaini karatasi mkajikuta baraza la ardhi. Fanyeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, chagueni mtu mmoja, chukueni cheti cha kifo mwende mkafungue shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Kama mama yupo hai haki yake iandikwe wazi kwenye muhtasari, asitajwe tu kama mgeni mwalikwa. Na mkirudi kutoka mahakamani na barua ya usimamizi, wapangaji wenu wapeni mikataba ya maandishi hata ya ukurasa mmoja, wao wanahitaji ushahidi kwamba wanakaa hapo na nyie mnahitaji ushahidi wa kodi mnayopokea, mthamini akija kukadiria mapato ya nyumba hatakubali ya mdomo.